Maswali ya Wageni

“Nasikia unakifungua kioo cha chemli yangu,” mama yake alisema kutoka kitandani, macho hajayafumbua. “Kikirudi kimepasuka, utanikuta nimekaa gizani nakusubiri na fimbo.”

“Nakiazima tu, mama. Kwa ajili ya somo.”

“Juzi ulichukua sufuria kwa ajili ya somo. Kabla ya hapo ukanichukulia kitunguu cha mwisho, nacho kwa ajili ya somo. Hiyo shule yenu haina chake?”

Mwalimu aliendelea na kazi yake. Alikuwa amechuchumaa kando ya pazia linalokigawa chumba chao, akipangusa masizi kwenye kioo cha chemli kwa kipande cha gazeti. Kioo kilikuwa kizima, ila ukingo wake wa juu ulimeguka kidogo zamani. Alikivingirisha ndani ya sweta, akakiweka mkobani pamoja na nusu ya mshumaa na mfuniko wa kopo la maziwa. Kisha akamfunikia mama yake uji kwa sahani, akamsogezea dawa zake za presha, akatoka.

Shuleni watoto walimwita Madamu Mapafu. Jina hilo alilipata siku aliyokuja darasani na mapafu ya ng’ombe aliyoyaomba kwa muuza nyama, akayapuliza kwa mrija mpaka yakavimba kama mto wa kulalia. Watoto wa mbele walikimbilia mlangoni. Baada ya dakika walirudi mmoja mmoja, wanasukumana, kila mmoja anataka kupuliza. Walimu wenzake walilitamka jina hilo kwa kejeli wakiwa ofisini, lakini yeye alilipenda moyoni.

Mambo ya maswali yalianza na semina. Ofisi ya elimu iliwaita walimu wa sayansi, wakakaa siku mbili kwenye viti vya plastiki, wakaambiwa kuna mbinu mpya: somo lisianze na mwalimu, lianze na maswali ya wanafunzi wenyewe. Wengi walisinzia. Hata yeye alirudi akicheka. Watoto zaidi ya tisini ndani ya chumba kimoja, watatu wanachangia kitabu, halafu waulize maswali! Lakini Jumatatu moja, kwa kuchoka tu na sauti yake mwenyewe, aliweka chaki chini akasema, “Leo sifundishi. Niulizeni nyie. Chochote mnachokiona kila siku hamkielewi.”

Watoto walitazamana mpaka akajuta. Kisha sauti moja nyuma ikasema, “Kuku anakunywa maji. Mbona hakojoi?” Darasa likaangua kicheko. Naye akacheka, kisha akagundua kwamba hajui jibu la kutosha. Akasema, “Sijui vizuri. Kesho nitakuja na jibu.” Katika miaka yake yote ya kushika chaki hakuwahi kutamka neno hilo mbele ya wanafunzi. Alihisi kama amevuliwa nguo. Watoto, badala ya kumdharau, walimtazama kama mtu aliyewakaribisha kwake.

Tangu hapo hawakushikika. Mbu anayetuletea malaria, yeye mwenyewe anaumwa? Kitunguu kinatutoa machozi, mbona chenyewe hakilii? Kwa nini sufuria inaota weusi nje na si ndani? Waliokuwa wanakuja shule kwa kuvutwa sikio wakawa wanafika kabla ya kengele.

Aliyewazidi wote alikuwa msichana mmoja wa dawati la tatu, karibu na dirisha lililozibwa kwa boksi. Mwembamba, sketi imekunjwa kiunoni mara mbili ili isidondoke, anaishi na bibi yake anayefua nguo za watu. Huyu alikuwa haridhiki na jibu. Ukimjibu, aliinamisha kichwa upande kama kuku anayemchungulia mdudu, kisha akaanza: “Lakini madamu...” Wenzake walimbatiza jina la Lakini, na yeye akaliitikia.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. “Darasa lako linapiga kelele kama soko la samaki,” alimwambia. “Na kwenye mtaala uko nyuma. Mtihani hautauliza habari za mkojo wa kuku.” Alimwonya mara mbili. Mara ya tatu alipomwita, mwalimu alikwenda huku amejiandaa kutukanwa, akakuta kiti amevutiwa na chai imemiminwa.

“Wageni wanakuja kutoka ofisini,” mwalimu mkuu alisema, anang’aa. “Wanataka kuona hiyo mbinu ya maswali. Agizo limetoka juu kabisa. Nimewaambia, shule yangu ndiyo inayoongoza. Sasa hayo maswali niletee kwanza niyaone.”

“Maswali gani?”

“Watakayouliza.”

“Mkuu, hayapo bado. Watayauliza humo humo darasani.”

Mwalimu mkuu alimtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. “Mwalimu. Mgeni haji kuona ukweli. Mgeni anakuja kuona maandalizi. Chagua watoto watatu wenye sauti, wape maswali, wape na majibu. Wengine wapige makofi. Na yule wa lakini-lakini mtafutie kazi ya nje siku hiyo.”

“Basi hayatakuwa maswali yao.”

“Wewe una mkataba wa muda, au nimesahau?” Hakupandisha sauti hata kidogo. “Mapendekezo ya walimu wa kuthibitishwa kazini nayapeleka Ijumaa. Jina lako nimeliweka. Kulitoa ni kazi ya kalamu tu.”

Mwalimu alimfikiria mama yake nyuma ya pazia, na zile dawa. Mwalimu wa mkataba huachishwa kila likizo na kuajiriwa upya shule zikifunguliwa, akipenda mkuu. Aliinywa chai yake mpaka mwisho, ingawa ilikuwa imepoa, akasema, “Sawa, mkuu.”

Kwa wiki nzima walifanya mazoezi. Kioo cha chemli juu ya meza tupu, mshumaa ndani yake, mfuniko wa kopo juu. Moto unanywea, unakuwa kama punje, unakufa. Kiranja wa darasa, mvulana mwenye sauti ya kutangaza aliyeitwa Redio, alipewa swali la kwanza: “Madamu, kwa nini mshumaa umezimika?” Binti wa karani wa shule alipewa jibu. Ishara ilikuwa moja tu: mwalimu akikunja mikono kifuani, Redio asimame. Watoto walicheza mchezo huo bila kinyongo. Ila kila swali la kupangwa lilipotoka, macho yao yalikuwa yanamwangalia yeye, si mshumaa.

Asubuhi ya siku ya wageni alifika akakuta ukuta wa mbele umepakwa rangi, na juu ya rangi mbichi yameandikwa maneno makubwa: KUULIZA SI UJINGA. Mtoto mmoja alikuwa ameegemea, na herufi ya mwisho imemganda begani. Vyoo vilikuwa vimemwagiwa dawa. Vitabu vilivyokuwa vimefungiwa kabatini tangu vilipoletwa vilikuwa vimegawiwa, bado vinanukia upya, na watoto walikuwa wameonywa wasivikunje, vitarudi kabatini mchana.

Alimkuta Lakini kwenye foleni ya kuingia darasani, akamvuta pembeni. Hakuwa amemtafutia kazi ya nje. Hilo alijihesabia kuwa ni ushujaa.

“Mwanangu, nisikilize. Leo utakaa kwenye nafasi yako. Ila usiulize kitu.”

Mtoto aliinamisha kichwa upande. “Lakini madamu, leo si ndiyo siku ya maswali?”

“Ndiyo.”

“Sasa?”

“Ndiyo maana nakuomba.” Alijaribu kutabasamu. “Nifanyie mimi tu. Sawa?”

“Sawa, madamu,” Lakini alisema. Kwa kuwa aliombwa na mtu anayempenda, aliziba mdomo kwa kiganja, akaingia darasani hivyo hivyo.

Wageni walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, afisa, mwenye mkoba mkubwa na uso wa mtu aliyetembelea shule nyingi wiki hiyo. Wa pili alikuwa kijana wa kupiga picha. Mwalimu mkuu aliwatangulia akiwa ndani ya koti lililombana, akawafutia viti kwa leso yake. Kisha, kwa hisani yote, akatoa chini ya kwapa kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono ya mkewe, akakitandaza juu ya meza ya mwalimu na kukinyoosha pembe zote nne. “Wageni wetu wasione meza iliyochorwa chorwa,” alisema. Mwalimu aliinamisha kichwa kushukuru. Akili yake ilikuwa kwenye kiberiti, njiti zilikuwa na unyevu.

Watoto walisimama, wakasalimu, wakakaa kwa pamoja kama walivyofundishwa. Aliwasha mshumaa, akadondosha nta yake kwenye kizibo cha soda, akausimamisha. Akaufunika kwa kioo. Akaweka mfuniko juu.

“Tuangalie kwa makini,” alisema.

Moto ulinywea. Ukawa mdogo, ukalala upande. Alianza kushusha pumzi. Ndipo ule moto ukajitikisa, ukainuka, ukasimama wima tena, wa njano, mchangamfu, kama mtu aliyezinduka usingizini.

Alisubiri. Darasa lilisubiri. Moto ulikuwa unawaka vizuri kuliko mwanzo. Akashusha macho, akaona. Kitambaa. Kizibo na ukingo wa kioo vilikuwa vimekaa juu ya maua ya kufuma yaliyojaa matundu, hewa inaingia chini kwa raha zake na kutokea juu pale kioo kilipomeguka. Alielewa mara moja. Lilikuwa somo zuri kuliko lile alilolipanga. Angeweza kukivuta kile kitambaa mbele ya macho yao, na watoto tisini wangeona kwa macho yao moto ukikosa pumzi. Angehitaji tu kuuliza, “Mbona?”

Badala yake alitishika, na kama mtu anayehisi baridi, akakunja mikono kifuani.

Redio akasimama kama mshale. “Madamu!” alipaza sauti. “Kwa nini mshumaa umezimika?”

Hakuna aliyecheka. Binti wa karani naye akainuka, macho yakiwa dirishani, akatiririka: “Mshumaa umezimika kwa sababu hewa ya oksijeni iliyokuwemo ndani ya kioo imekwisha.” Na darasa zima, kwa utii, likapiga makofi matatu mazito, pa, pa, pa, na upepo wa makofi ukautikisa ule moto usiokufa.

Kijana alipiga picha. Mwalimu mkuu alikuwa anautazama uso wa afisa, meza hakuiangalia kabisa. Afisa aliinua macho kutoka kwenye simu yake. Akauona mshumaa. Akamtazama mwalimu, kidogo tu. Kisha akayarudisha macho kwenye simu.

Dawati la tatu likalia kwa mlio wa msumari uliolegea. Yule msichana alikuwa amesimama. Kiganja kilikuwa bado mdomoni, akakishusha polepole, kama anayeshusha kiganja cha mtu mwingine.

“Lakini madamu,” alisema, kwa sauti ndogo ya kuomba radhi, “mshumaa bado unawaka.”

Kicheko kilipita madawati ya nyuma, kikamezwa. Mwalimu mkuu aligeuka. Mwalimu alisikia sauti inatoka mdomoni mwake, ile ile ya walimu waliomfundisha yeye zamani:

“Nani amekupa ruhusa ya kusema?”

“Hakuna, madamu. Lakini—”

“Kaa chini!”

Akainua mfuniko. Akauinamia mshumaa kama anayetaka kuukagua, akaupuliza. Uzi wa moshi ukapanda, ukampita puani. Akarudisha mfuniko mahali pake, akauliza darasa:

“Mshumaa umezimika, haujazimika?”

“Umezimikaaa!”

“Umezimika, haujazimika?”

“Umezimikaaa!”

Yule msichana alikuwa ameshakaa. Midomo yake ilikuwa inafunguka na kufungika pamoja na wenzake. Mwalimu hakuweza kujua kama inatoa sauti.

Yaliyofuata yalikwenda kama maji kwenye mfereji. Swali la pili, jibu la pili, makofi. La tatu, makofi. Afisa alisimama, akawapongeza watoto kwa udadisi wao, akawaambia taifa linawategemea. Ofisini zilifunguliwa soda. Mwalimu mkuu alikuwa hatulii, anazunguka na kifungulio cha chupa kama bwana harusi.

“Umenitoa kimasomaso, mwalimu,” alimnong’oneza. “Ijumaa jina lako linakwenda, tena la kwanza. Na wanataka ulionyeshe somo hili shule nyingine pia. Usibadilishe kitu. Lile swali la Redio libaki hivyo hivyo.” Kisha akakunja uso. “Yule msichana nimeshamwekea adhabu yake. Kufagia madarasa yote. Atajifunza.”

“Mkuu, hakufanya kosa.”

“Ulimkalisha mwenyewe. Nimekusikia.”

Soda ilikuwa mkononi mwa mwalimu, povu linashuka. Aliishikilia hivyo mpaka wageni walipoaga, akawasindikiza hadi kwenye gari kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa. Mwalimu mkuu alirudi ndani kumfuata kijana aliyesahau begi la kamera. Wakabaki wawili, yeye na afisa, wamesimama juani.

“Mwalimu,” afisa alisema taratibu, huku anatafuta miwani kwenye mkoba. “Siku nyingine uondoe kile kitambaa.”

Mwalimu aligeuka kumtazama. “Kumbe uliona, mama.”

“Nimefundisha sayansi mimi, kabla hawajanipa hii gari. Nimewasha mishumaa mpaka nyusi zikaungua.”

“Sasa mbona hukusema?”

Afisa aliipata miwani, akaivaa, na macho yake yakapotea. “Ningesema, ningeandika kwamba mbinu imeshindikana. Ningeandika hivyo, ningeulizwa mimi kwa nini imeshindikana kwenye eneo langu. Shule zote ninazopita ni hivi, mwanangu. Juzi nimeona mbegu zilizoota ndani ya somo moja.” Alicheka kidogo, kicheko hakikufika popote. “Na wewe? Wewe mbona hukusema?”

Mwalimu mkuu alikuwa anarudi, begi kifuani. Gari liliondoka, vumbi likawarudia.

Kengele ya mwisho ilipogongwa, alikwenda darasani. Vitabu vipya vilikuwa vimeshakusanywa. Yule msichana alikuwa peke yake, ameinama na ufagio mfupi, anasukuma vipande vya chaki kutoka chini ya madawati. Alimwona mwalimu, akasimama wima, akaweka mikono nyuma.

“Shikamoo, madamu.”

“Marahaba.” Asubuhi walikuwa wameshasalimiana. “Weka ufagio. Njoo hapa kwanza.”

Mtoto alikuja, akasimama mbali kidogo na meza. Mwalimu alikivuta kile kitambaa, akakikunja, akakitupa kwenye kiti. Njiti zilikuwa bado na unyevu, akaharibu mbili. Alipouwasha mshumaa aliufunika juu ya meza tupu, iliyochorwa majina ya watoto waliokwishamaliza shule, akaweka mfuniko. Walitazama wote wawili. Moto ulinywea, ukawa punje, ukafa.

“Umeona?”

“Nimeona, madamu.”

Akakitandika tena kitambaa, akarudia. Moto ukayumba, ukasimama, ukaendelea kuwaka. Aliacha uwake. “Umeona na hapa? Haya. Niulize.”

Mtoto alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

“Mwanangu, niulize. Hakuna mgeni, hakuna mkuu. Tuko mimi na wewe. Leo asubuhi hapa, kila mtu alisema umezimika. Wewe uliona nini?”

Alitamani kile kichwa kiiname upande. Alitamani kusikia lile neno moja, hata la hasira, hata la matusi. Angelipokea kwa mikono miwili. Mshumaa ulikuwa unawaka kati yao, unachuruzika nta juu ya maua ya mke wa mwalimu mkuu, na mtoto hakuuangalia.

“Ulizimika, madamu,” Lakini alisema kwa upole.

“Hapana. Sema ulichokiona.”

“Ulizimika. Sote tulisema.”

Kisha akaomba ruhusa, akauokota ufagio, akarudi kwenye safu ya nyuma na kuendelea kufagia kwa adabu.